Miezi Miwili ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

"Sijawahi! Sijawahi hata kupakiwa nyuma ya pikipiki, sembuse—"

"Mama, hebu nisikilize, sisi hapa tunachapa kile—"

"—sembuse kuiendesha mwenyewe! Na mto! Mto gani?"

"—kile tunacholetewa, mama, nukta kwa nukta, hatuongezi—"

"Mto gani, nakuuliza! Mimi maji yakinifika magotini naita watu!"

Mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya kukatia karatasi, nimeinama, najifanya natafuta skrubu. Hakuna skrubu iliyoanguka. Nilichokuwa natafuta ni pa kutokea, na duka letu lina mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ulikuwa umezibwa na Mkunga.

Mkunga amestaafu siku nyingi, lakini jina halistaafu. Nusu ya watu wa mtaa huu yeye ndiye aliyewapokea walipokuja duniani, na mimi ni mmoja wao, jambo analolitumia kila akitaka kunishinda kwenye mabishano. "Wewe nilikushika miguu, kichwa chini," huniambia mbele ya wateja, na hoja zangu zote zinaishia hapo. Aliyekuwa anapandiana naye sauti ni Shangazi, dada yake baba, mwenye duka. Tunachapa na tunajalidi vitabu. Wanafunzi wa chuo wanatuletea tasnifu zao zikiwa karatasi zilizotawanyika, wanaondoka nazo zina jalada gumu na herufi za dhahabu, zimesimama wima kama mtu aliyeazima suti.

Kitabu kilichokuwa mezani kilikuwa cha Mkunga mwenyewe. Maisha yake yote, kurasa mia na tisa, nakala thelathini na mbili. Jumamosi anatimiza miaka sabini, watoto na wajukuu wanakuja wote, kila mmoja apewe chake. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Soma," Mkunga akasema, akimsukumia Shangazi kitabu. "Ukurasa wa arobaini na moja. Na usome kwa nguvu, asikie na huyo anayejificha."

Shangazi akavaa miwani. "'Mwaka huo nilijifunza kuendesha pikipiki kwa siri. Nilitumbukia mtoni mara mbili. Sikumwambia mtu.'"

Akalivuta daftari la Mkunga, lile la mwandiko wa mkono tulilochapia, akapekua mpaka mahali penyewe. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikafika chini, kikapanda tena juu, kikashuka tena. Halafu, bila kugeuza kichwa, akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Nusu Profesa."

Ndiyo jina langu pale dukani.

"Naam, Shangazi."

"Toka huko."

Inabidi nieleze. Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliandika tasnifu ya kurasa themanini, na nilipofika katikati nikaanza kumshuku msimamizi wangu. Nilimwona kama mtu asiyesoma. Nikapachika sentensi kwenye sura ya tatu: *Ukifika hapa, mwalimu, kohoa.* Msimamizi hakukohoa. Alitia saini, akanipongeza. Aliyekohoa ni mtahini wa nje, na alikohoa mbele ya jopo zima. Nikaambiwa nikaiandike upya. Huu ni mwaka wa tano naiandika upya.

Tangu hapo imekuwa kama ugonjwa. Kila tasnifu inayopita mikononi mwangu naipandia sentensi moja. Moja tu, sina tamaa. Kuna ya mambo ya udongo: *Mtafiti aliuonja udongo huo na kuuona umepungua chumvi.* Kuna ya uvuvi: *Samaki wawili walikataa kuhojiwa.* Wenyewe wote wamefaulu, mmoja sasa anafundisha. Miaka mitano, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Kwa hiyo pale nilipotoka nyuma ya mashine, nakiri kulikuwa na raha moja ya aibu kifuani: hatimaye nimepata msomaji.

"Ni wewe?" Shangazi akauliza.

"Ni mimi."

"Huna haya?"

"Ninayo, Shangazi, ila huwa inachelewa kufika."

Mkunga akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Nilikushika miguu," akasema. "Kichwa chini. Ningejua ningekurudisha."

Lakini sikupachika pale kwa mzaha mtupu, na hilo nilijaribu kulisema, hakuna aliyetaka kulisikia. Mkunga aliandika maisha yake kama alivyokuwa anaandika ripoti ya kukabidhi zamu wodini. Hajui kuandika vinginevyo. *Saa 3:10 asubuhi: nimezaliwa. Kilio kikali. Rangi nzuri.* Anapelekwa shule: *Mtoto amepelekwa shule akiwa na nguo moja. Amelia kidogo, ametulia baada ya dakika ishirini.* Mvua ilipobomoa jiko lao: *Jiko limeanguka. Hakuna aliyeumia isipokuwa kuku.* Kila mwezi una mstari wake, hata ule mwezi ambao hakuna kilichotokea: *Hali haijabadilika. Endelea kuangalia.* Nilichapa kurasa arobaini za namna hiyo, nikaanza kumpenda yule mwanamke wa kwenye daftari kama mtu anavyompenda jirani anayemwona dirishani. Halafu nikafika mwaka wa sita wa ndoa yake. Mwezi wa tatu upo. Mwezi wa sita upo. Wa nne na wa tano, hamna. Hata "hali haijabadilika" hamna. Nafasi tupu, vidole viwili vya karatasi.

Kwa wengine ile ni nafasi tu. Mimi ilininyima usingizi. Mtu aliyeandika kifo cha kuku ameruka miezi miwili mizima? Na mimi nikiona shimo siwezi kulipita, lazima nitupie jiwe nisikie kina chake. Basi nikatupia pikipiki.

Shangazi kwa wakati huo alikuwa ameshaingia kwenye ufundi. "Sikiliza, mama. Kitabu kinafunguka. Tunapitisha pasi ya moto mgongoni, gundi inalainika, tunachomoa karatasi hiyo, tunaweka nyingine safi. Zote thelathini na mbili. Na huyu ndiye atakayeshika pasi, na hatakula mpaka amalize."

"Karatasi sio tabu," Mkunga akasema. Sauti ilikuwa imeshuka ghafla, akavuta kiti akakaa. "Tabu ni Mzee. Ameshasoma."

Mzee ni mumewe. Nakala ya kwanza alipewa yeye, Jumapili, kwa heshima. Alisoma kurasa arobaini akitabasamu, akamsomea mkewe vipande, akacheka kile cha kuku. Akafika arobaini na moja. Akafunga kitabu. Akauliza swali moja: "Nani alikufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Pikipiki."

Na hapo ndipo moto ulipowaka. Mkunga akakana, Mzee akamwonyesha maandishi. Mkunga akasema ni makosa ya duka, Mzee akasema makosa ya duka ni herufi kukaa vibaya, sio mtu kutumbukia mtoni. Usiku huo akahamia kwenye kochi la sebuleni na mto wake na shuka lake. Siku ya nne sasa. Na alikuwa ameshatoa tamko: asipotajiwa jina la huyo mwalimu, Jumamosi hakai meza moja na mkewe. Watoto waje wamkute kwenye kochi, wamuulize mama yao kwa nini.

"Miaka arobaini na tano ya ndoa," Mkunga akasema, akinyoosha kidole kwangu bila kuniangalia, "na huyu ameivunja kwa sentensi tatu. Twende. Utakuja kusema mbele yake kwamba wewe ni mwongo."

"Kwa hilo," Shangazi akasema akivua aproni, "mimi ni shahidi."

Tukafuatana watatu, mimi katikati kama mwizi.

Mzee alikuwa mkaguzi wa madereva enzi zake, yule anayekaa pembeni yako na ubao wa kushikia fomu mapajani, huku wewe unatokwa jasho la leseni. Amestaafu, lakini nyumba yake bado iko mtihanini. Viatu vya mlangoni vimepangwa kinyumenyume, visigino ukutani, tayari kuondoka. Wajukuu wakikimbia koridoni wanaambiwa wapunguze mwendo kwenye kona. Tulimkuta sebuleni, kochi limekunjiwa shuka pembeni, amevaa shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingo, kama mtu anayesubiri kesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viatu vyako umeviweka vibaya. Nani huyu?"

"Ndiye aliyeandika," Mkunga akasema.

"Aliyeandika nini?"

"Uongo."

Nikajieleza. Nilijieleza vizuri, maana njiani nilikuwa nimejipangia maneno: mimi ni mchapaji, nina tabia mbaya ya kupachika sentensi, ile ya pikipiki niliitunga mwenyewe, mama hana habari nayo, naomba radhi. Mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akayafumbua.

"Mwaka huo ulikuwa na umri gani?"

"Sikuwa nimezaliwa, mzee."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Nilitunga."

"Mara mbili," akasema.

"Samahani?"

"Umeandika alitumbukia mtoni mara mbili. Mimi nimesikiliza waongo miaka thelathini, kijana. Mwongo husema mara moja, au husema mara nyingi. Mara mbili husema aliyekuwepo."

Kwa kweli nilikuwa nimeandika mara mbili kwa sababu mara moja haikuchekesha. Nitamwelezaje mzee mwenye hasira ufundi wa kuchekesha?

"Amekutuma," akaendelea. "Mke wangu ni mtu wa maarifa. Alikuzalisha wewe, anakudai shukrani, amekutuma uje uchukue kosa."

"Aliyezalishwa ni mama yangu, mzee. Mimi nilizaliwa tu."

"Usinichekeshe."

Shangazi akanikanyaga mguu. Ikabidi nitoe ushahidi wangu wa mwisho, kijidaftari ninachotembea nacho mfukoni, nilichoandikia sentensi zote nilizowahi kupachika, na tarehe zake, na tasnifu zake. Hakuna mtu aliyewahi kukiona. Nilipokitoa nikataja na hesabu yake, sitini na nne, Shangazi akashika kichwa.

Mzee akakipokea kama anavyopokea leseni ya mtu anayemshuku. Akasoma. Akafika kwenye udongo, pembe ya mdomo ikacheza. Akafika kwenye samaki, akatoa mlio puani, akajikohoza haraka kuuficha. Mkunga akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona tumaini usoni kwake. Lakini Mzee alikifunga, akanirudishia.

"Hii inathibitisha kwamba wewe ni mhuni," akasema. "Haithibitishi kwamba yeye hakuendesha."

"Ewe mwanaume!" Mkunga akaruka. "Kwani nikisema jina lolote utalala? Haya, mwenye duka la mkate! Alinifundisha mwenye duka la mkate!"

"Mwenye duka la mkate hajui hata baiskeli."

"Basi padri!"

"Usilete mzaha kwenye mambo ya—"

"Mzaha umeuleta wewe! Mzee mzima unamwonea wivu pikipiki!"

"Sio wivu!"

"Ni nini basi?"

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa kochi kwa mikono miwili, na nikamwona anaangalia kitabu kilichokuwa juu ya meza, sio mkewe. Na hapo, nisamehewe, shimo langu likaniita tena. Najua palikuwa sio mahali pake. Mtu mwenye akili timamu angeomba ruhusa akaondoka. Lakini nilikuwa nimelala na swali hilo wiki tatu, na mwenye jibu amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Mama," nikasema, "kwani miezi ile miwili kulikuwa na nini?"

"Ipi?"

"Wa nne na wa tano. Mwaka wa sita. Daftari lako lote halina mwezi mtupu isipokuwa hiyo. Nilipachika pale kwa sababu palikuwa tupu."

Shangazi akanikanyaga tena, safari hii na kisigino. Mkunga alikuwa bado amesimama. Akavuta kitambaa chake cha kichwani, akakifunga upya taratibu, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Nilifeli," akasema. "Ndiyo kilichokuwepo. Nilifeli mtihani wa udereva. Sikuona sababu ya wajukuu kujua."

Akatuambia. Alizungumza na mimi na Shangazi tu, kama Mzee hayupo. Mwaka ule ilitangazwa nafasi ya mkunga mkuu wa kuzungukia zahanati zote za nje, kumi na moja, na gari lake. Wakunga waliokuwa na uzoefu wa kutosha walikuwa wawili, yeye na mwenzake. Sharti lilikuwa leseni, mwisho wa mwezi wa tano. Akajifunza kwa gari la zahanati, asubuhi kabla ya zamu. Ofisi ya leseni ilikuwa na mkaguzi mmoja na msaidizi wake. Mkaguzi alikuwa mumewe.

"Watu wakasema atanipendelea," akasema. "Yeye akasema hapana, mke wangu nitamkazia zaidi ya wote. Sawa. Mara ya kwanza gari lilinizimikia mlimani. Haki yangu. Mara ya pili nikakanyaga mstari. Haki yangu pia. Mara ya tatu..." Akapandisha mabega. "Mara ya tatu nilidhani nimepita. Nilishuka garini nacheka. Fomu ikasema sikuangalia kioo. Kazi akapewa mwenzangu. Basi. Ndiyo miezi miwili hiyo. Mpaka leo nikipanda gari la mtu nakodolea kioo, watoto wananicheka, mama unaogopa nini huko nyuma."

Koridoni friji likaanza kuunguruma, likatetemeka, likaacha.

"Aliangalia," Mzee akasema.

Mkunga akageuka.

"Kioo. Uliangalia. Uliangalia vyote vitatu, na bega la kulia. Mpaka leo sijapima mtu aliyeangalia vile." Sauti yake ilikuwa ile ile ya ukaguzi, kavu, ila mikono ilikuwa haijaachia kochi. "Msaidizi wangu alikuwa kiti cha nyuma. Aliona. Tuliposhuka akaniuliza, mkuu, kioo kipi? Nikamwambia afunge mdomo. Akaacha kazi baada ya mwaka, akahama. Nimekaa nikimwogopa yule mtu miaka thelathini na tisa. Jumapili nikasoma pale kwamba ulijifunza kwa siri, ukanyamaza. Nikajisemea, ndiye huyo msaidizi. Ndiye aliyemfundisha, na alipomfundisha alimwambia. Kwa hiyo anajua. Kwa hiyo miaka yote hii ananipakulia chakula na anajua."

"Sikujua," Mkunga akasema.

"Sasa naona hukujua."

"Kwa nini?"

"Kazi ile ilikuwa safari siku ishirini kwa mwezi. Watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto." Akatikisa kichwa. "Watoto gani. Niliogopa utaipenda."

Mimi hapo nilikuwa naangalia zulia. Mtu akitupa jiwe shimoni anatarajia kusikia maji, hatarajii kusikia mtu. Shangazi alikuwa ameshika mkono wangu, na sijui alinishika saa ngapi.

Mkunga akakaa. Sio kwenye kochi, kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. "Saa ngapi sasa?" akauliza.

Mzee akaangalia ukutani. "Tano na robo."

"Tano na robo," akarudia, kama anaandika mahali.

Tukasubiri. Nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu maishani, kwenye msiba wa mama yangu, na nikajiandaa kwa hilo. Nikajiandaa pia kwa kurushiana vitu, maana kulikuwa na bilauri mezani na mkono wake ni wa mtu aliyevuta watoto elfu. Havikuja vyote viwili. Akakaa tu, mikono mapajani, kama anavyokaa mtu kando ya kitanda cha mgonjwa, anahesabu pumzi.

Mzee ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akainuka, akaenda kabatini, akatafuta sana, akarudi na ule ubao wake wa kushikia fomu, kibanio kimeota kutu. Akabana karatasi nyeupe. Akachora mistari kwa rula, nguzo kwa nguzo, jina, tarehe, aina ya gari. Mistari ilinyooka. Akajaza. Kuondoka mlimani: vizuri. Kurudi nyuma: vizuri. Vioo. Hapo akakaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Chini akaandika *amefaulu*, akaweka saini, na tarehe mbili, ile ya siku ile na ya leo. Akaniletea mimi, sio mkewe. Hakuthubutu.

"Hii iingie," akasema. "Ukurasa wa arobaini na moja, badala ya upuuzi wako. Kama ilivyo, na mwandiko wangu. Nakala zote. Na Jumamosi nitakaa mezani, wakiuliza nitajibu mwenyewe."

"Inawezekana," Shangazi akasema upesi, na nikasikia pumzi ikimtoka. "Tunapiga picha, tunachapa, inaingia vizuri kabisa. Ijumaa mchana vitakuwa tayari." Alikuwa ameshaanza kutafuta mkoba wake. Hata mimi niliona kama tumefika. Mzee kakiri, meza imepona, kitabu kitapata ukurasa bora kuliko wowote ningeweza kuutunga. Niliikunja fomu kwa uangalifu nikaitia ndani ya kijidaftari changu.

"Kitabu," Mkunga akasema.

Nikampa. Akalowesha kidole, akaanza kufunua, lakini hakwenda mbele. Alirudi nyuma. Akaipita arobaini na moja, akaipita thelathini, akapekua karatasi moja moja kama anatafuta mshipa, akasimama. Akanigeuzia, kidole juu ya mstari.

Ulikuwa ukurasa wa harusi. Nilikumbuka nilivyouchapa, maana niliacha kazi nikaenda kunywa maji. Kulikuwa na idadi ya wageni, kulikuwa na hali ya hewa, na chini kabisa, peke yake, sentensi ya kukabidhi zamu: *Moyo umekabidhiwa kwa mume. Uko salama.*

Mzee alikuwa ameuona kutoka alipokuwa amesimama. Sidhani alihitaji kusoma.

"Mwanangu," Mkunga akaniambia, na hajawahi kuniita hivyo, "ukiwa na hiyo pasi yako, naomba unifungulie na hapa. Hili neno la mwisho litoe. Usiweke lingine. Paache wazi, kwenye vyote thelathini na mbili."